Madirisha ya Upande wa Bahari

Jumatatu, 6 Januari

Dirisha la kati limeanza tena. Rangi imetoka malengelenge upande wote wa chini, kwenye kizingiti. Nimebonyeza moja kwa kidole, likapasuka, yakatoka maji. Maji! Vuli imeshakatika na bado ubao umeyaweka. Nyuma ya rangi mbao nyeusi, laini, ukucha unazama.

Na rangi yenyewe haijafika hata miaka miwili. Kopo liliandikwa miaka kumi. Kumi ya wapi? Ya ukuta gani, wa mji gani, wenye jua gani?

Mama kauliza mbona nimesimama roshani muda wote huu. Nimemwambia natazama majahazi. Sitaki ajue habari ya kizingiti kwanza. Tangu jumba la Beit al-Ajaib la hapa mjini liporomoke ile Desemba ya 2020, kila ufa mpya ndani ya nyumba hii unamnyima usingizi.

Masika Machi. Ramadhani nayo mwaka huu mwanzo wa Machi. Basi kazi ya kupaka upya ni kaskazi hii, Januari na Februari, hakuna nyingine.

Jumatano, 8 Januari

Dada kapiga simu kutoka Muscat. Pesa atatuma, ila anataka vanishi. Anataka msaji uonekane. "Ubao wa babu ule, mnaufunika kwa nini?" Kanitumia picha za mlango wa hoteli, unang'aa, mtu anaweza kujitazama.

Namwelewa sana. Nikikwangua kidogo nikaiona ile rangi ya asali moyo wangu unajaa. Lakini vanishi ni kitu cha kupitisha mwanga, ndiyo kazi yake. Miale ya urujuanimno inapenya hadi kwenye ubao na kuila lignini, ile gundi ya asili inayozishika nyuzi za mbao. Ngozi ya juu ya ubao inakufa, na vanishi imeshikana na ngozi hiyo iliyokufa. Baada ya hapo inabanduka mapande mapande, hata iwe ya bei gani. Rangi yenye chembe nzito ndani yake inalizuia jua palepale juu, haliufikii ubao.

Zipo vanishi za boti, zenye dawa ya kupunguza miale, zinanyumbuka vizuri. Zinataka tabaka nyingi, halafu msasa na tabaka jipya karibu kila mwaka upande unaopigwa na jua. Upande wetu wa bahari jua linapiga tangu adhuhuri mpaka magharibi. Nani atapanda ngazi kila mwaka? Dada yuko Muscat.

Nimempa pendekezo: mlango mkubwa wa nakshi, ule wa chini uchochoroni, hauoni jua hata saa mbili. Ule tuuache wazi, tuulishe mafuta. Madirisha ya juu yapate rangi. Kanyamaza. Kisha kasema, "Nitumie picha." Hajakubali huyo.

Ijumaa, 10 Januari

Ami kaja baada ya sala, kala kwetu. Nikamtoa roshani nikamwonyesha. Kapitisha kiganja juu ya ubao, polepole, macho yamefumba. Mikono ile imejenga vyombo.

"Sisi baharini hatukupaka rangi, mwanangu. Juu tulipaka sifa, chini deheni."

Sifa, mafuta ya maini ya papa. Deheni, shahamu na chokaa. Anavisema kwa heshima. Na vyombo viliishi, kweli, maji ya chumvi usiku na mchana.

Nikamuuliza: na mlipaka kila baada ya muda gani?

"Kila chombo kikipanda pwani. Hukishushi majini bila kukipaka."

Hilo nimelishika tangu mchana, haliniachi. Hakuna aliyemwahidi miaka kumi. Walichagua kitu kinachoweza kuongezwa juu ya kile cha zamani bila kubomoa chochote, na wakakiongeza. Mimi natafuta nini dukani? Kopo litakaloniruhusu kusahau. Nitafute rangi ambayo ikichoka itachoka kwa upole, iwe unga, ipauke, nisugue niongeze. Ile inayokatika vipande na kumeza maji nyuma yake, hapana.

Lakini Ami na rangi ya maji ninayoifikiria hawapatani. "Ya maji ni ya ukuta. Ubao ni mafuta." Hivyo ndivyo wanavyosema mafundi wote. Sikubishana naye mbele ya chakula.

Jumapili, 12 Januari

Siku ya Mapinduzi. Mji kimya, maduka yamefungwa, mizinga kwa mbali. Nimechukua kisu nikakwangua kona moja karibu na bawaba, taratibu, nione tabaka.

Kahawia ya juzi. Chini yake nyeupe. Chini yake buluu, nene, inakatika kama ganda la yai. Chini ya buluu kijani. Kijani kizito, kimetulia, kimeshikana na ubao hata kisu kinateleza. Nilimwita Mama. Siku hizi haoni vizuri ila alikijua kabla sijasema. "Hicho. Hicho ndicho alichopaka babu yako mwaka aliotuhamishia juu." Akakigusa gusa kwa ncha ya kidole.

Basi rangi imeshachaguliwa. Kijani. Dada na apige simu tu.

Ila kimenijia kitu kingine kikaniondolea raha. Rangi za enzi hizo. Risasi. Zilikuwa zinatiwa madini ya risasi ili zikauke haraka na zikae, na ni kweli zilikaa, ndiyo maana kijani cha babu kiko pale bado. Shirika la Afya Duniani leo linataka yasizidi sehemu 90 kwa milioni. Tabaka hilo la chini sijui lina ngapi. Na mtoto wa kaka anatambaa roshani nzima, anaokota kila kitu anatia mdomoni.

Nimefagia maganda yote kwa kitambaa kibichi. Nimefagia tena. Mlango wa roshani nimeufunga kwa komeo la juu.

Jumatano, 15 Januari

Fundi mpya kaja kutazama. Mpole, ana mikono mizuri. Akasema atachoma rangi ya zamani kwa moto wa gesi, siku moja tu itatoka yote. Nikasema hapana. Akadhani nahofia ubao. Nahofia ubao, nahofia boriti za mkoko juu ya kichwa chake, nahofia mji wenye vichochoro ambavyo gari la zimamoto halipiti. Zaidi nahofia moshi wa risasi ile. Hauonekani.

Tumekubaliana: kukwangua kwa mkono, msasa wa maji, ubao ukiwa umeloweshwa ili vumbi lisiruke. Turubai chini. Maganda yote kwenye mfuko, hayafagiliwi uchochoroni. Barakoa ya maana, si kile kitambaa. Nguo za kazi haziingii ndani. Mtoto yuko kwa bibi yake mzaa mama Mwanakwerekwe mpaka kazi iishe. Shemeji yangu kakubali bila swali hata moja, Mungu ambariki.

"Itachukua muda, dada," fundi kasema. Ichukue.

Jumamosi, 18 Januari

Darajani, kisha Mlandege. Joto. Nimeshika makopo mengi mpaka mikono inanuka chuma.

Kijani. Nilidhani kijani ni kijani. Muuzaji mmoja mzee, mwenye subira, alinieleza vizuri kuliko kopo lolote. Kijani rahisi kinachanganywa buluu na manjano. Buluu ile ni imara. Manjano yake dhaifu, jua linaiua kwanza. Mwaka wa pili dirisha limegeuka la buluu na mwenye nyumba anadhani kaibiwa. Nikakumbuka madirisha ya nyumba ile ya pembeni ya forodha, ndivyo yalivyofanya hasa. Kijani cha oksidi ya kromiamu, kilichotulia, kisichong'ara, hicho hakikimbii. Vilevile nyekundu na manjano za udongo, za oksidi ya chuma: jua halina la kuzifanya. Rangi kali kali za kupendeza macho ndizo za kwanza kufa.

Kijani cha babu hakikung'ara. Nilikuwa na kiganda chake kwenye karatasi ndani ya pochi. Mzee alikitazama juani, akatikisa kichwa, akasema, "Hii ndiyo."

Njiani kurudi nimepita nikisugua kiganja kwenye madirisha ya watu. Meupe ya jirani mmoja: kiganja chote unga. Jua limekula utomvu uliozishika chembe, chembe zimebaki zinaelea juu. Bado ubao wake mzima lakini. Yale ya pili yanang'aa, mafuta, hayatoi unga hata kidogo, na yana mipasuko mirefu kwenye kila kiungo. Ningechagua ugonjwa, ningechagua unga. Unga unaoshwa.

Jambo moja la kuogopa kuhusu giza la rangi: kijani kizito kinanyonya joto. Saa tisa alasiri ubao mweusi haushikiki, mweupe unashikika. Joto linatanua ubao, linatoa utomvu uliojificha, linachosha rangi mapema. Nyeupe ingedumu zaidi pale, najua. Mama anataka kijani. Kiwe kijani, hatua moja nyepesi kuliko cha babu. Yeye hataiona tofauti, mimi nitaiona na ninairidhia.

Jumanne, 21 Januari

Majaribio. Fundi kaona ajabu lakini kafanya.

Vipande viwili vya msaji kutoka dirisha lililovunjika, viwili vya mvule kutoka miimo ya zamani. Kimoja praima ya mafuta, kimoja praima ya maji. Vimewekwa juu ya paa, jua na umande.

Jioni naandika huku nanusa tapentaini mikononi. Nimefurahi. Sijui kwa nini kazi hii inanipa furaha namna hii wakati mambo mengine yote yamelala.

Jumamosi, 25 Januari

Kipande cha mvule chenye praima ya mafuta bado kinanata! Vumbi limeganda juu yake, na nzi. Cha msaji kimekauka nusu, ukucha unakwangua. Ami kaja, kaguna. Fundi analaumu kopo. Kopo halina kosa, kopo hilohilo nimepaka juu ya ubao wa msindano na usiku wake likakauka.

Ni mbao zenyewe. Mvule una vitu vyake vya asili ndani, ndivyo vinavyomfukuza mchwa na kuzuia kuoza, na ndivyo hivyohivyo vinavyozuia rangi ya mafuta isikauke. Msaji nao una mafuta. Mbao bora za kudumu ndizo ngumu zaidi kupakwa. Na kipande cha praima ya maji? Kimekauka vizuri, lakini kimetokwa na madoa ya kahawia, ubao umevuja rangi yake juu.

Hivyo wote wawili, Ami na mimi, hakuna aliyepata.

Usiku huu sina raha. Januari inakwisha.

Jumatatu, 27 Januari

Fundi seremala wa mtaa wa Malindi, yule anayetengeneza vitanda, kanipa njia: futa ubao kwa thina kali, kitambaa safi, geuza kitambaa, futa tena mpaka kisitoke na rangi. Thina ikishakauka tu, praima palepale, usiache mpaka kesho maana mafuta ya ubao yanapanda tena juu. Na praima iwe ile ya aluminiamu, ya rangi ya fedha. Vijichembe vyake vimelala bapa, vinapandana, maji na utomvu vinapata tabu kupita.

Juu ya fedha, rangi ya maji ya akriliki, ya nje. Ya mafuta inaendelea kukaza mwaka hadi mwaka, inakuwa ngumu, na ubao hauachi kupumua: masika unavimba, kaskazi unasinyaa. Kigumu juu ya kinachocheza kinapasuka. Akriliki inabaki inanyumbuka, na unyevu wa ndani unapata pa kutokea kidogo kidogo badala ya kusukuma malengelenge.

Ami kasikiliza yote. Kisha, "Kwa hiyo mafuta chini, maji juu." Ndiyo, Ami. "Basi na mimi nimo." Kacheka, mimi nikacheka, Mama ndani akauliza kuna nini.

Alhamisi, 30 Januari

Vipande vipya vimekauka. Vikavu kabisa. Nimevisugua, nimevikwaruza. Hakuna doa.

Pesa ya dada imeingia. Pamoja na ujumbe: "Fanya unavyoona." Nimeusoma mara nyingi kupita kiasi.

Jumapili, 2 Februari

Tumeanza. Ubao wa dirisha la kwanza u uchi wote. Jamani. Msaji ule! Chini ya kijivu, baada ya msasa namba 80 na kisha 120, umetoka kama umepasuliwa jana. Nimepiga picha kumpelekea dada, najua itamuuma, nimepeleka.

Nimegusa ubao kwa ulimi kabla hatujauosha. Chumvi. Upande wote wa bahari umepigwa chumvi na chumvi inaita unyevu. Rangi ikipakwa juu yake inakuwa imefungia kiu ndani. Fundi kauosha kwa maji baridi ya bomba, mara ya pili, ya tatu, mpaka ulimi haukusema kitu.

Kizingiti cha dirisha la kati hakina wa kukiokoa. Nusu yake imekuwa tope. Seremala atachonga kingine, mvule kavu. Nimemwomba mambo matatu akayaandika kwenye mkono: kiinamie nje, kiwe na mfereji mwembamba upande wa chini ili tone la mvua lidondoke lisirudi ukutani, na kingo zote ziwe za mviringo. Rangi hukimbia kingo kali, inabaki nyembamba pale, na ndipo maji yanapoanzia.

Jumanne, 4 Februari

Kipimo cha unyevu, cha kuazima. Vibao vya juu 13. Vya chini 14. Miimo pale inapoingia ukutani: 22.

Nimekaa kwenye ngazi nikakosa la kusema. Ishirini na mbili hakupakwi kitu. Kumi na tano kushuka, hapo sawa.

Na sababu ninaiona, iko mbele ya macho. Ukuta wa mawe na chokaa unapumua, unanywa na kukausha. Lakini mtu mmoja miaka ile alikuja akaupiga plasta ya saruji kuzunguka dirisha, eti uimarike. Saruji imefunga. Maji ya ukuta hayana njia ila kupitia ubao wangu. Nimelia kidogo, si kwa ajili ya plasta. Kwa uchovu.

Fundi kanitazama, akashuka, akarudi na tindo. "Tuivunje kuzunguka dirisha, dada. Tutapiga chokaa." Akaanza kugonga bila kungoja jibu.

Ijumaa, 7 Februari

Tunangoja ukauke. Vipimo 19. Upepo mzuri.

Shida ni ubao ulioachwa uchi. Nimesoma majaribio ya ile maabara ya mazao ya misitu ya Marekani, Madison, Wisconsin: mbao safi ikiachwa juani wiki chache tu kabla ya kupakwa, rangi inashika vibaya, kwa sababu ngozi ya juu imeshaanza kufa hata kabla jicho halijaona kijivu. Nikaogopa. Tumetundika kanga kuukuu na magunia mbele ya roshani yote, kivuli kiingie na upepo upite. Watu wa chini wanauliza kama tuna arusi.

Jumapili, 9 Februari

Mvua. Usiku, kidogo, bila onyo. Nimeamka nikakimbia roshani na nguo za kulalia, nikashika magunia kwa mikono. Mama kaja nyuma yangu na taa ya mkononi, kaishika juu, hakuuliza chochote. Tulisimama hivyo mpaka ikakata.

Asubuhi 17. Alhamdulillahi.

Jumatano, 12 Februari

Kumi na nne!

Thina, kitambaa, geuza, futa. Harufu kali, madirisha yote ya nyumba wazi. Kisha fedha. Fundi alianza na ncha, nilimwomba. Pale ubao ulipokatwa mirija yake iko wazi, inafyonza mara kumi na zaidi kuliko ubavuni. Chini ya vibao, ndani ya viungo, mgongoni mwa kizingiti kipya kabla hakijaingia ukutani. Sehemu zile ambazo hakuna atakayeziona tena. Ncha zimekunywa praima ikapotea, kapaka tena, imepotea, kapaka tena.

Tulikwenda na kivuli. Asubuhi upande wa bahari wenyewe una kivuli, umande ukishakauka, saa tatu hadi saa sita. Jua likifika tunaacha. Ubao wa moto unapumua hewa nje na rangi inatoka mapovu. Fundi alitaka kumalizia kipande kimoja tu saa saba. Tulitazamana. Akafunika kopo.

Kutoka barabarani madirisha ya fedha yanawaka. Mama kasema hapana kabisa, rangi gani hii. Ngoja, Mama.

Ijumaa, 14 Februari

Nusu Shaabani. Mama amefunga.

Nimefanya mlango wa chini peke yangu. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, nimeyazimua na tapentaini ili yazame. Kitambaa, nakshi moja moja, waridi, minyororo, mawimbi. Kiasi kidogo tu, nafuta yote yasiyoingia. Yakibaki juu yananata, na hewa yetu hii ukungu unayapenda, mlango unakuwa mweusi. Mlango umekunywa na kurudisha rangi yake. Nimekaa barazani nikautazama mpaka adhana.

Vitambaa nimevitia ndoo ya maji, vyote. Mafuta ya kitani yanapokauka yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe usiku. Nimemwambia fundi, nimemwambia kaka, nimemwambia hata kijana wa dukani.

Picha kwa dada. Kajibu kwa sauti, hakuandika. Alikuwa anacheka na kulia. "Umeuacha. Umeuacha kweli."

Jumatano, 19 Februari

Kijani! Tabaka la kwanza juu ya madirisha mawili.

Mwanzoni kilikuwa cheupe kidogo, kama cha mgonjwa, nikaingiwa na hofu. Kikakauka kikazama. Mama katolewa kiti, kakaa upande wa kivuli. Hakusema sana. Alimwambia fundi, "Brashi yako nzuri." Fundi kainamisha kichwa.

Bawaba za chuma tumezitoa zote. Chuma na msaji na unyevu wa chumvi vinatoa madoa meusi yasiyofutika. Nimepata za shaba, nzito, bei yake imeniuma. Zitazeeka kuliko mimi.

Jumatatu, 24 Februari

Tabaka la pili, yote. Nyembamba mbili, si nene moja, fundi sasa ndiye anayenihubiria.

Kwenye kipande cha majaribio nimechora msalaba kwa wembe, nikabandika utepe wa gundi, nikauvuta kwa ghafla. Utepe umetoka safi. Nimevuta tena pembeni. Safi. Nikampa Ami avute mwenyewe. Kavuta kwa nguvu zake zote za fundi wa vyombo, katazama utepe upande huu na upande huu, kautia mfukoni.

"Na utapaka tena lini?"

Nimemwambia: kila kabla ya masika naosha chumvi, napitisha kiganja. Kikitoka na unga, msasa mwepesi, tabaka moja. Kingo za chini na kizingiti nitaviwahi, havingojei vingine.

"Kila kikipanda pwani," kasema.

Ijumaa, 28 Februari

Mwezi haujaonekana bado, watu wamepanda mapaa. Turubai limekunjwa, mfuko wa maganda tumeufunga mara mbili. Roshani imepigwa maji na kitambaa kibichi, sakafu, kuta, hata chini ya viti. Mtoto anarudi kesho.

Nimebakiwa na rangi chini ya nusu ya kopo. Nimeimimina kwenye chupa ndogo iliyojaa mpaka mdomoni, hewa isipate nafasi, na juu yake nimeandika kwa kalamu ya wino mzito: oksidi ya kromiamu, hatua moja nyepesi, akriliki ya nje, juu ya fedha. Na tarehe.

Fundi anataka kuanza yale mawili ya upande wa kusini baada ya Idi. Nimemkatalia. Idi mvua imeshaingia. Hayo yangoje Julai, kusi likiwa kavu. Seremala nimeshamwambia aanze kukausha mvule wa vizingiti sasa hivi, ndani, kivulini, vijiti katikati ya mbao na mbao.